Tumbili, mikoko na shamba la marehemu baba: mwenye ardhi amwendee nani?

«Assalam aleikum. Marehemu baba alituachia ekari tisa upande wa Mwakirunge, Kisauni. Juu kuna miembe, minazi na mahindi. Katikati kuna kipande cha msitu chenye mibuyu mitatu ambacho baba hakutaka kiguswe, na chini shamba linaingia mikokoni kwenye hori ya Mtwapa. Tumbili na kima wanatumaliza, msimu uliopita hatukuuza hata gunia moja la maembe. Tuko ndugu watano. Kaka zangu wanataka kufyeka msitu, wauze boriti za mikoko, kisha tuuze shamba. Dalali amewaambia tukithubutu kuwaita KWS, shirika la serikali la wanyamapori, serikali itasema hapa ni mbuga na tutanyang'anywa. Jirani anatushauri tutie sumu kwenye maembe. Kuna pia kikundi cha vijana wanaotaka kupanda mikoko hapo chini na kuweka kibao chao. Mimi nataka msitu wa baba ubaki, lakini sina pesa wala sijui ni huduma gani mwenye shamba anaweza kuidai kwa haki yake. KWS wanaweza kuja kuwatega hao tumbili? Kuna fidia? Na tukiliandikisha shamba kuwa la uhifadhi, litabaki letu?»

Waaleikum salaam, dada yangu. Mola amrehemu mzee wenu. Swali lako nimelisoma mara mbili, na nimeona nikujibu kwa urefu. Miaka niliyozunguka mashamba ya pwani nikishughulika na ugomvi wa watu na wanyama, haya unayouliza nimeulizwa Likoni, Jomvu, Kikambala mpaka Kwale, na mara nyingi nimeulizwa msitu ukiwa umeshafyekwa. Wewe umeuliza mapema, na hilo peke yake limenipa moyo.

Nianze na hofu aliyowatia dalali, kwa sababu ikibaki, mengine yote hayatafanyika. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 inasema wanyamapori wote wa Kenya wako mikononi mwa dola kwa niaba ya wananchi. Watu wakisikia hivyo hudhani kwamba alipo mnyama wa serikali, na ardhi nayo ni ya serikali. Sivyo. Tumbili ni wa umma, ardhi ni yenu, na akivuka ua wenu habadilishi hata herufi moja kwenye hati. Zaidi ya nusu ya wanyamapori wa nchi hii wanaishi nje ya mbuga, katika ardhi za watu binafsi na za jamii. Kama kuonekana kwao kungetosha kuitwaa ardhi, Laikipia na Narok hakungebaki mwenye shamba.

Ni kweli kwamba serikali inaweza kutwaa ardhi ya mtu kwa manufaa ya umma. Kifungu cha 40 cha Katiba kinaruhusu, lakini kwa sharti la fidia ya haki inayolipwa bila kucheleweshwa, na kazi hiyo hupitia Tume ya Kitaifa ya Ardhi. Watu wa Mombasa mmeyaona hayo kwenye njia za barabara na reli. Askari wa KWS anayekuja kuangalia miembe iliyoliwa hana mamlaka hayo, na fomu anayojaza haihusu umiliki wenu. Ningekuwa wewe ningewauliza kaka zangu swali moja: dalali huyu anafaidika vipi sisi tukiogopa kumwita mtu yeyote kuja kutazama shamba letu?

Sasa nikwambie neno ambalo huenda likauma zaidi kwao kuliko kwako. Ile mikoko ya chini, kwa uwezekano mkubwa, si yenu, wala haikuwa ya baba. Kifungu cha 62 cha Katiba kinasema ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na maji kupwa ni ardhi ya umma, na mikoko huota papo hapo, pale maji yanapokuja na kurudi. Zaidi ya hapo, mikoko ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932, wakati wa ukoloni, na leo iko chini ya Shirika la Huduma za Misitu, KFS. Kwa hiyo boriti ambazo kaka zako wameshazipigia hesabu hazimo katika mirathi, na kuzikata bila leseni ya KFS ni kosa hata kama aliyekata anakaa hatua kumi kutoka hapo. Ikiwa ramani ya hati inaonekana kuingia mikokoni, hilo linamhitaji mpima ardhi. Ni heri mlijue nyinyi kwanza, kuliko mje kuambiwa na wakili wa mnunuzi siku ya kutia sahihi.

Ukipata nafasi shuka huko chini maji yakiwa yamekupwa. Utaona vijiti vyembamba vimesimama topeni kuzunguka mchu, mmoja wa miti ya jamii ya mikoko. Ile ni mizizi, imetoka juu ili ipumue, kwa kuwa ndani ya tope hakuna hewa. Mkoko wenyewe hutumia ile mizizi yake iliyopinda kama magoti kwa kazi hiyo hiyo. Mizizi hiyo ikifunikwa na udongo mwingi kwa ghafla, mti unakosa pumzi na kufa umesimama. Jambo hili si la kubuni: mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi kutoka bara hadi hori ya Mwache, karibu na Mombasa, na eneo kubwa la mikoko likakauka. Sasa tazama shamba lenu lilivyokaa. Juu mnalima, chini kuna mikoko, na katikati, penye mteremko, ndipo penye msitu wa baba. Ule msitu ndio unaoukamata udongo usishuke. Mkiufyeka, masika ya kwanza tu udongo wenu mzuri wa juu utakuwa umelala juu ya mizizi ya mchu, na kamba na kaa wanaokulia humo watapungua kwa wavuvi wa hori nzima. Sijui kama mzee aliyajua haya kwa maneno, lakini aliyafanya.

Tuje kwa tumbili, ambao ndio wamekukosesha usingizi.

Umeuliza kama KWS wanaweza kuja kuwatega. Wanaweza, wana watu wa kukamata wanyama, na huenda wakakubali ikiwa kuna mnyama mmoja aliyezoea kuuma watu. Lakini kutega kundi zima na kulihamisha mara nyingi watakataa, na ningependa ujue kwa nini, usije ukadhani wamekudharau. Kundi la tumbili ni la majike. Mabinti hukaa na mama zao maisha yote na kurithi eneo lile lile, ilhali madume wakikua huhama kutafuta kundi jingine. Ukiwaondoa madume wawili watatu, watakuja wengine. Ukiliondoa kundi lote, umeacha eneo lenye miembe bila mwenyewe, na kundi la jirani litaingia. Na waliohamishwa je? Wanafikishwa mahali pasipo pao, wenyeji huko wanawapiga, wengine wanakufa, na wanaopona wanatafuta kitu pekee wanachokijua, yaani shamba la mtu. Utakuwa umemhamishia jirani wa mbali shida yako.

Kitu kinachowaleta ni chakula kingi kinachopatikana kwa muda mfupi. Tumbili na kima wana mifuko ndani ya mashavu. Wanaingia, wanajaza, wanakimbilia mtini kutafuna kwa utulivu. Ndiyo maana unaweza kuingia jikoni kuepua chungu, ukatoka ukakuta hasara. Halafu wanajua saa. Watakaa pembeni ya msitu wakimtazama mlinzi, na akienda kula, wanashuka. Kwa hiyo silaha yenu ni kuwaharibia hesabu: chakula kiwe mbali na maficho, kiwe kidogo, na mtu asiwe na saa moja ya kudumu ya kuondoka.

Kwa shamba lenu ningefanya hivi. Mahindi ningeyaondoa kabisa ukingoni mwa msitu. Mahali hapo, kwa upana wa hatua ishirini au thelathini, ningepanda pilipili, ambayo kwa kawaida hawaigusi, au ningepaacha peupe, kwa sababu tumbili hapendi kuvuka uwanda akionekana. Matawi yanayounganisha msitu na miembe ningeyapunguza ili asipate daraja. Maembe, hasa ngowe, ningeyaangua yakiwa yamekomaa lakini bado magumu, nikayavundika nyumbani. Kila siku ambayo embe lililoiva linabaki mtini mnagawana na wanyama. Na badala ya kuajiri mlinzi wa mwaka mzima ambaye hamuwezi kumlipa, wekeni watu wawili kwa zamu katika zile wiki chache za kuiva tu, alfajiri hadi jioni, wasimame upande wa msitu na si karibu na nyumba. Jalala la nyumbani lifukiwe. Ongeeni pia na majirani, maana mtu mmoja anayewarushia watoto wa tumbili ndizi ili awapige picha anaharibu kazi ya mtaa mzima.

Kabla ya yote hayo, hakikisha mwizi ni nani. Embe lililoumwa upande mmoja likaachwa chini mchana ni kazi ya tumbili au kima. Makapi yaliyotafunwa na kutemwa chini ya mti usiku ni kazi ya popo, na kumfukuza tumbili hakutakusaidia kwa hayo. Na popo huyo mvumilie kidogo: ua la mbuyu hufunguka usiku, na yeye ndiye anayelichavusha. Ile mibuyu mitatu inamhitaji.

Sitakudanganya kwamba hasara itakwisha. Katika mashamba niliyoyafuatilia, watu waliofanya haya kwa pamoja walipata mavuno ya kuuza tena, na waliofanya nusu nusu walikata tamaa. Kufyeka msitu ndiko kusikosaidia hata kidogo. Matunda ya mwituni na majani yakitoweka, tumbili hawatoweki nayo. Wanabaki na miembe yenu tu.

Diani kuna funzo la karibu. Pale shirika la kuhifadhi mbega limefanya kazi tangu 1997. Limetundika madaraja ya kamba juu ya barabara ili mbega wasigongwe na magari, limepunguza matawi yaliyokaribia nyaya za umeme zilizokuwa zikiwaua, na linawashauri wenye nyumba na mahoteli jinsi ya kuishi na tumbili, kima na nyani bila kuwalisha wala kuwaumiza. Mbega si mla maembe kama hawa wenu, yeye ni mla majani, lakini watu wale wanawajua nyani na tumbili wa pwani vizuri, na ushauri wao unafaa hadi Kisauni.

Kuhusu sumu, nakuomba kwa dhati mkatae, na mkatae mbele ya kaka zako wote. Kuua wanyamapori kwa sumu ni kosa la jinai. Na sumu haichagui. Anayekula embe anakufa, anayemla aliyekufa anakufa pia, mwewe, kenge, mbwa wa jirani. Embe lenye sumu likidondoka njiani, mtoto wa madrasa anayepita hana habari. Niliitwa siku moja kwenye shamba la watu waliofanya hivyo. Walipoteza mbuzi sita, na tumbili walirudi wiki hiyo hiyo.

Fidia. Sheria ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyamapori, milioni 3 kwa aliyepata ulemavu wa kudumu, na hadi milioni 2 kwa majeraha mengine, na inaruhusu fidia ya mazao na mifugo. Lakini hulipwa kwa wanyama waliotajwa katika jedwali la sheria hiyo: tembo, nyati, simba, chui, fisi, kiboko, mamba na wengineo. Tumbili na kima hawamo. Najua ni uchungu, na wakulima wengi wa pwani wanauona kuwa ni dhuluma, nami siwalaumu. Hata kwa wanyama waliomo, kamati hukataa dai la mtu ambaye hakuchukua hatua za busara kulinda mali yake, na waliokubaliwa wengi wamesubiri malipo kwa miaka. Usijenge mpango wa familia juu ya fidia.

Hata hivyo ripoti. Hasara isiyoandikwa haipo machoni mwa serikali. Nunua daftari, andika tarehe, saa, mnyama gani, wangapi, wamekula nini, na kadiri ya hasara kwa magunia. Piga picha. Baada ya mwezi mmoja au miwili, peleka barua ofisi ya KWS ya kaunti, na nakala kwa chifu. Katika barua hiyo usiandike tu «tunasumbuliwa na tumbili». Omba huduma yenye jina: afisa aje akague shamba, awashauri wenye mashamba wote wa eneo hilo kwa pamoja, na jambo lenu lifikishwe kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi wa wanyamapori na fidia. Kamati hiyo imo katika sheria, kila kaunti inapaswa kuwa nayo, na ndani yake wamo wawakilishi wa jamii. Barua ya familia moja inaweza kukaa mezani. Barua yenye sahihi za mashamba kumi na daftari kumi, nimeona ikileta gari. Huduma hizi ni za umma, kwa hiyo ukitajiwa ada yoyote, omba risiti rasmi. Na ukiambiwa urudi kesho, omba barua yako igongwe muhuri wa kupokelewa kwanza.

Kwa msitu na mikoko, barua ya pili iende KFS. Sheria ya misitu ya 2016 inamruhusu mwenye ardhi kuandikisha msitu wake kuwa msitu wa binafsi, na akishafanya hivyo ana haki ya kupata ushauri wa kitaalamu wa kuutunza. Hili naliona ndilo linalowafaa zaidi kuliko mengine yote, kwa sababu hati inabaki yenu, msitu unatambuliwa, na hamfungwi milele. Ukisikia maneno ya kupunguziwa kodi ya ardhi kwa ajili ya msitu, usiyahesabu mpaka uyaone kwa maandishi kutoka kaunti.

Njia ya pili ni kuunda hifadhi ya wanyamapori ya binafsi au ya jamii chini ya sheria ya 2013. Hapa pia umiliki haubadiliki. Mnajiandikisha, mnatengeneza mpango wa usimamizi, na mnaweza kufanya biashara ya utalii isiyoua wanyama, maana uwindaji wa burudani umepigwa marufuku Kenya tangu 1977. Mfano wa karibu ni Mwaluganje huko Kwale, ambako wenye mashamba waliungana miaka ya 1990, wakaacha kulima njia ya tembo kati ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, na wakawa wanagawana mapato ya wageni kama wenye hisa. Ni kazi ya kuheshimika. Lakini mapato yake hupanda na kushuka pamoja na watalii, na pale kuna tembo. Ekari tisa zenye tumbili, komba na popo haziwezi kulipa ndugu watano kwa utalii, na atakayekuahidi hivyo atakuwa anakuuzia kitu. Mkiungana mashamba kadhaa ya hori hiyo, mambo yanaweza kuwa mengine. Muungano wa Hifadhi za Wanyamapori Kenya, KWCA, husaidia vikundi kama hivyo kuanza, na hawawezi kukudai hati yako.

Ya tatu ni mkataba wa haki ya uhifadhi juu ya ardhi, ambao sheria inautambua. Huo huifunga ardhi yenyewe, hata akija mmiliki mwingine, na unaweza kuwekewa muda au kuwa wa kudumu. Una nguvu sana, na kwa sababu hiyo usiukaribie bila wakili wako mwenyewe, asiye wa mfadhili.

Na kwa vile mmeanza kwa salamu ya Kiislamu, kuna njia ya nne ambayo wataalamu wenzangu huisahau: wakfu. Ndugu anayetaka anaweza kulifanya fungu lake kuwa wakfu kwa manufaa ya watu, na Tume ya Wakfu iko hapa hapa Mombasa. Miti yenye kivuli, udongo unaoshikwa, wavuvi wanaopata riziki, hayo ni manufaa. Kadhi ndiye wa kukueleza kama sura ya jambo lenu inafaa, na ujue kwamba wakfu hauvunjwi mtu akibadilisha nia.

Lakini hakuna hata moja kati ya hizi inayoweza kuanza leo, na nadhani sababu unaijua: kama mirathi haijafunguliwa, shamba bado liko kwa jina la marehemu. Si KWS, si KFS, si mfadhili anayeweza kuandikishana na watoto watano ambao kisheria bado si wamiliki. Wala kaka zako hawawezi kuuza kihalali, na dalali anayetoa «kianzio» sasa anawaingiza kwenye kesi. Fungueni mirathi kwanza, kwa Kadhi kama wote mmeridhia mahakama hiyo. Hapo wakati wa kugawa, pendekeza jambo hili: wewe na ndugu atakayekubaliana nawe mpokee mafungu yenu upande wa msitu, na wanaotaka kuuza wapewe upande wa juu, ulio karibu na njia na wenye bei nzuri. Nimeona familia zikikwama miaka kwa kugombea kuuza au kutouza, kumbe mgawanyo wa mahali ungewatosha wote. Baada ya hapo mnaweza pia kuweka mizinga ya nyuki ukingoni mwa msitu. Fedha yake haitakuwa nyingi, lakini itakuwa yako kila msimu, na itawapa kaka zako sababu ya kutouita msitu kichaka cha bure.

Vijana wale wasifukuzwe. Ila kwa kuwa mikoko ni ya umma, ruhusa ya kupanda wanaipata KFS, nyinyi mnawapa njia ya kupita tu. Njia hiyo iandikwe kwenye karatasi: mwaka mmoja, inaweza kuvunjwa, hakuna kibao kinachosema eneo ni lao, hakuna jengo la kudumu linalojengwa. Waulize pia wanapanda nini na wapi. Mlilana huota mbele, upande unaoelekea bahari, mkoko nyuma yake, mkandaa na mchu juu zaidi. Wakitia vichipukizi vya mkoko kwenye tope tupu la mbele kwa sababu ndivyo vilivyo rahisi kuokota, vitakufa, picha zitabaki. Mahali ambapo maji yanaingia vizuri na miti mama ipo, mara nyingi inatosha kuzuia ukataji na mbegu zinajipanda zenyewe. Wakitaja kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa sababu miti inaivuta na kuihifadhi hewa hiyo, waambie wakatembelee Gazi, huko Kwale. Mradi wa huko, Mikoko Pamoja, unalinda hekta 117, na fedha inayopatikana huingia kwenye maji na shule za kijiji. Ni mradi wa jamii nzima kwa makubaliano na KFS, si wa shamba moja la mtu.

Kuna mambo machache ambayo hayangoji barua. Mtu akiumwa na tumbili au kima, osheni jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe chale wala kufungwa kamba, apelekwe hospitali akiwa ametulizwa. Mkimuona chatu, kiboko, au mnyama aliyejeruhiwa, ondoeni watoto na mwite KWS kwa simu, msimzingire. Na mtu akifika na msumeno mikokoni, ripoti KFS kabla gogo halijapakiwa.

Hatua ya kwanza haina gharama. Tazama mwezi, ungoje siku ya bamvu, mwezi mpevu au mwandamo, maji yanapojaa kuliko siku zote. Wachukue kaka zako wote wanne mshuke pamoja hadi yalipo mawe ya mpaka, msimame hapo mpaka maji yajae, muone kwa macho yenu ni jiwe lipi limefunikwa. Piga picha yenye saa na tarehe. Picha hiyo ndiyo utakayompelekea mpima ardhi, na kaka zako watakuwa wamejua kabla yake ni kiasi gani cha shamba wanachogombea.